Msomaji Asiyeuliza Jirani

Kuna maandishi yanayosomwa na watu wengi kila siku na ambayo hayapati mhakiki. Ni miongozo ya programu za kompyuta: kurasa zinazoeleza amri fulani inafanya nini, inataka nini na inarudisha nini. Hakuna anayezisoma kwa raha. Huendewa kama anavyoendewa mganga, mtu akishaumwa. Mimi huziandika na kuzihariri, ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, na sijawahi kusikia mtu akisema ukurasa wa mwongozo ni mbaya kwa namna tunavyosema riwaya ni mbaya. Riwaya ikimchosha msomaji, lawama humwendea mwandishi. Mwongozo ukimshinda, msomaji husema, "Sijauelewa," na lawama anaibeba mwenyewe.

Sasa miongozo hii imepata msomaji mpya ambaye hajui kujilaumu. Ni wakala wa akili mnemba, au akili unde kama wengine wasemavyo, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa hatua. Unampa agizo, tuseme arekebishe hitilafu katika programu ya duka. Modeli inasoma agizo lako pamoja na orodha ya zana ilizopewa na maelezo ya kila zana. Inaandika ombi la kutumia zana mojawapo, ombi linatekelezwa, na matokeo yanarudi kama maandishi. Modeli inayasoma, inachagua hatua ya pili, na kuendelea hivyo mpaka kazi iishe au ishindikane. Anachokijua wakala kuhusu zana kinatoka sehemu mbili tu: yale modeli iliyoyasoma ilipokuwa ikifunzwa, na yale yaliyo mbele yake saa hiyo.

Neno "wakala" kwetu lina mwili. Ni kijana wa kwenye kibanda chenye mwavuli, mwenye simu mbili na daftari, anayeweka na kutoa pesa kwa niaba ya kampuni asiyoimiliki. Anashika fedha za watu, kwa hiyo mipaka ya kazi yake imeandikwa, na siku hizi kabla hujathibitisha muamala simu inakuonyesha jina la anayepokea. Nalipenda neno hili likitumiwa kwa mashine, kwa sababu linatukumbusha kwamba anayetenda kwa niaba ya mwingine anahitaji maelezo kuliko anayetenda kwa ajili yake. Ila kijana wa kibandani akikwama humwita mwenzake wa kibanda cha pili: "Oya, hii inakuaje?" Wakala wa mashine hana kibanda cha pili. Mara nyingi anaweza kumuuliza aliyemtuma, lakini ametumwa ili asiulize, na kwa kawaida ataendelea na kile alichokisoma.

Hoja yangu katika uhakiki huu ni kwamba msomaji huyu amefichua jambo tulilolifunika kwa miaka mingi. Mengi tuliyoyaita ugumu wa teknolojia yalikuwa uandishi mbaya uliookolewa na majirani.

Tuanze na kitabu cha mfano. Tarehe 3 Novemba 1971, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa Unix. Kila amri iliandikwa kwa vichwa vilevile, na kwa mpangilio uleule: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, kurasa nyingine za kuangalia, ujumbe wa makosa, kasoro, na mwenye amri hiyo. Mpangilio huo, ukiondoa kichwa kimoja au viwili, ndio unaoonekana hata leo mtu akiandika "man" na jina la amri kwenye kompyuta ya Linux.

Kama mhakiki, vichwa viwili vya mwisho ndivyo vinavyonishika. Kichwa cha kasoro kilikuwa tendo la uungwana. Mtengenezaji anakukabidhi chombo na papo hapo anakwambia kinavujia wapi. Ni kama muuza mtumbwi anayekuonyesha ufa kabla hujalipa. Sijui aina nyingine ya maandishi ya kibiashara iliyoweka ukiri wa namna hiyo ndani ya umbo lake lenyewe, kiasi kwamba ukurasa usio na kasoro unaonekana una pengo.

Kichwa cha mwenye amri kinasema jambo jingine. Kilitaja nani wa kufuatwa, kwa sababu wasomaji wa kwanza walifanya kazi katika maabara ileile. Ukurasa ukikukatikia njiani, mwandishi wake alikuwa mtu unayemfahamu. Uhodari wote wa ufupi wa kitabu kile ulisimama juu ya ujirani huo. Unix ilipotoka nje ya jengo, ufupi ulikwenda nayo, jirani akabaki.

Dalili yake kamili ni kihariri cha maandishi kinachoitwa ed, kazi ya Thompson huyohuyo. Ukikosea, ed ilikujibu kwa alama moja tu, ile ya kuuliza. Haikusema umekosea wapi. Palikuwa na sababu: mashine za wakati ule zilichapa majibu kwenye karatasi, polepole, na kila herufi iligharimu muda. Sababu imekufa, desturi inaishi. Ed ya leo kwenye Linux, usipoitaka izungumze zaidi, bado inajibu hivyohivyo. Binadamu akiona alama ile anacheka au anatukana, kisha anakwenda kutafuta mtu. Wakala akiiona amepewa herufi moja ya kufikiria. Atabahatisha, na kubahatisha kwa mashine kuna adabu ya kutisha: hakuna kusita, hakuna jasho, ni jaribio jingine tu, na jingine.

Ndiyo maana nasema ujumbe wa kosa ni sehemu ya mwongozo, na pengine sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote. Ukurasa husomwa kabla ya kazi, wakati msomaji hajui atakachokihitaji. Ujumbe wa kosa husomwa wakati anajua hasa anachokosa. "Imeshindikana" ni sentensi ya kumfukuza mtu. "Tarehe uliyoandika ni 31/02, andika tarehe iliyopo, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku" ni sentensi inayomrudisha kazini. Ya pili imemgharimu mwandishi dakika mbili zaidi.

Mfano wa pili ni git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo leo hutunza historia ya sehemu kubwa ya programu zinazoandikwa duniani. Humo mna amri iitwayo checkout. Ukiiandika ukataja tawi la kazi, inakuhamishia kwenye tawi hilo. Ukiiandika ukataja faili, inalirudisha faili lile katika hali ambayo git ilikuwa imelishika, na yale uliyoyabadilisha bila kuyakabidhi kwa git yanapotea. Haikuulizi. Kitenzi ni kimoja, matendo ni mawili: moja ni kuhama chumba, jingine ni kuchoma daftari.

Sasa usome mstari wa kwanza wa ukurasa wake wa mwongozo, ule unaotakiwa kueleza amri kwa sentensi moja. Unasema kwamba amri hii hubadili matawi au hurudisha mafaili. Kituo changu ni hilo "au". Mwandishi alikuwa mkweli, hakuweza kuandika sentensi moja bila kiunganishi hicho, na kiunganishi kikaitangaza kasoro ambayo maelezo yote yaliyofuata yasingeweza kuiponya. Mwandishi wa mwongozo mara nyingi ndiye wa kwanza kuliona tatizo la ubunifu, kwa sababu ndiye anayelazimika kuandika "au".

Mwezi Agosti 2019, katika toleo la 2.23, git ilipata amri mbili mpya: switch ya kuhama tawi na restore ya kurudisha faili. Kila moja inaelezeka bila "au". Nauona uamuzi huu kama marekebisho bora ya mwongozo niliyowahi kuyasoma, ingawa walichobadilisha ni programu. Checkout ya zamani iliachwa ili kazi za watu zisivunjike, na hapo ndipo msomaji wetu mpya anapoleta taabu yake. Modeli za lugha zimefunzwa kwa rundo kubwa la maandishi ya watu, na mengi kati yake yaliandikwa kabla ya 2019, yakifundisha checkout. Ukurasa mpya unashindana na kumbukumbu za zamani zilizo nyingi kuliko wenyewe. Kwa hiyo ukurasa unaoeleza jipya peke yake hautoshi. Unatakiwa useme waziwazi: desturi ile imeachwa, hii imeshika nafasi yake, kuanzia toleo fulani. Mwongozo mzuri una tarehe kama barua ilivyo na tarehe.

Nije karibu na nyumbani, kwenye pesa. Tuchukue zana ya malipo ya kubuni, ya aina ambayo vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam huziandika kila wiki, na wakala amepewa aitumie. Sehemu moja ya ombi inaitwa "kiasi", na maelezo yake yanasema: kiasi cha kulipa. Mteja anadaiwa shilingi elfu tano. Wakala ataandika nini?

Huenda ataandika 5000. Lakini mifumo mingi ya malipo hupokea kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, na kwa kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina sehemu ndogo ya mia moja, yaani senti. Katika mfumo wa namna hiyo 5000 ni shilingi hamsini. Mtu wa Kariakoo angeshtuka, kwa sababu anajua hakuna anayedai shilingi hamsini kwa njia hiyo. Senti zenyewe amezisikia kwa babu yake. Ukivuka mpaka, hesabu inageuka: kwa kiwango hichohicho shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina sehemu ndogo, na 5000 ni elfu tano kamili. Nchi tano jirani, namba moja, maana mbili, na tofauti ni mara mia.

Maelezo yanayostahili hapo ningeyaandika hivi: "Kiasi cha kulipa, kwa namba kamili, katika sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Kwa shilingi ya Tanzania na ya Kenya ni senti: shilingi 5,000 huandikwa 500000. Kwa shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi, 5,000 huandikwa 5000. Ombi likitumwa tena likiwa na namba ileile ya kumbukumbu, malipo hayafanyiki mara ya pili."

Sentensi ya mwisho ndiyo waandishi huisahau, nayo ndiyo inayolinda mfuko wa mtu. Wakala akituma ombi na mtandao ukakatika, hajui kama limefika. Mwongozo usipomwambia kama kurudia ni salama, ana njia mbili, zote mbaya: kuacha deni bila kulipwa, au kulipa mara mbili. Kijana wa kibandani katika hali hiyo humwambia mteja, "Subiri kwanza tuone kama meseji itaingia." Subira hiyo ni maarifa, na maarifa yasiyoandikwa hayamfikii wakala.

Kiswahili kimenifundisha kuisikia kasoro nyingine, na nadhani ni msaada ambao lugha yetu inaweza kuutoa kwa kazi hii. Miongozo ya Kiingereza hupenda kauli ya kutendwa isiyotaja mtendaji: faili linafutwa, muunganisho unafungwa, data inasafishwa. Nikijaribu kuihamishia kwetu nalazimika kuchagua. Faili "hufutwa", yaani yupo mfutaji? "Hufutika", yaani linaweza kufutwa, au linatoweka lenyewe? "Limefutwa" tayari, au "litafutwa" nikishathibitisha? Kila kiambishi ni swali ambalo ukurasa wa asili haukulijibu. Nimekaa na sentensi moja ya maneno sita nusu siku nzima, sababu mwandishi wake hakuwa ameamua ni nani anayefuta, wala lini.

Ila na sisi tuna pa kujifichia. Kila mzazi anamjua mtoto anayekuja sebuleni na kusema, "Mama, kikombe kimevunjika." Kauli ya kutendeka imemfuta mvunjaji kikamilifu. Waandishi wa miongozo huzungumza kama mtoto yule. "Rekodi zimepotea." "Mabadiliko yameondoka." Zimepotezwa na amri gani? Binadamu hupachika mtendaji kwa uzoefu wake. Wakala anahitaji sentensi yenye mtendaji, tendo na wakati: amri hii inafuta rekodi zote za mteja, papo hapo, na hazirudishiki.

Kuanzia mwaka 2024 zimezaliwa aina mpya za maandishi kwa ajili ya msomaji huyu. Mwezi Septemba mwaka huo Jeremy Howard alipendekeza llms.txt, faili la kuwekwa kwenye tovuti ili modeli ipate muhtasari na njia ya kufikia kurasa muhimu. Novemba yake kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambamo kila zana hujitambulisha kwa jina, maelezo na orodha ya inayohitaji. Mwaka 2025 likaenea faili la AGENTS.md, linalokaa ndani ya mradi na kumweleza wakala desturi za mahali pale, kama README inavyomweleza mtu.

Nimesoma mengi ya mafaili haya ya mwisho, na kama utanzu yana ugonjwa unaofahamika. Yanapiga kelele. Yamejaa herufi kubwa: USIFANYE, DAIMA, MUHIMU SANA. Yananikumbusha kuta zetu: usikojoe hapa, usiegeshe gari mbele ya geti, hakuna mkopo, choo ni kwa wateja tu. Kila tangazo ukutani lina kisa nyuma yake. Kuna siku mtu alikojoa pale, tangazo likabandikwa. AGENTS.md hukua vivyo hivyo. Wakala alivuruga kitu Jumanne, Jumatano mstari ukaongezwa, na hakuna anayerudi kuuondoa mstari ambao sababu yake imekwisha. Lakini ukuta una mwisho, na nafasi ya modeli nayo ina mwisho. Kila neno lililomo linachukua sehemu ya yale inayoweza kuyashika kwa pamoja, na amri arobaini zinazopiga kelele kwa sauti moja hazimwambii msomaji ipi ndiyo ya kufa na kupona.

Dawa ni sababu. Linganisha sentensi mbili, nimezitunga mwenyewe. Ya kwanza: "USITUMIE KAMWE amri ya kusafisha hifadhidata." Ya pili: "Usitumie amri ya kusafisha hifadhidata, kwa sababu hifadhidata ya majaribio na ya wateja ziko kwenye seva moja na amri hiyo haizitofautishi." Ya pili haina neno hata moja lililoandikwa lote kwa herufi kubwa, na inafanya kazi kubwa zaidi. Kesho wakala akikutana na amri nyingine isiyotajwa, lakini yenye hatari ileile, ana la kufikiria. Sentensi ya kwanza imefunga mlango mmoja. Ya pili imeeleza kwa nini nyumba ile ina milango ya kuchungwa.

Daniele Procida, katika mfumo wake uitwao Diátaxis, amezigawa hati za programu katika aina nne: somo la kumwongoza mwanafunzi, maelekezo ya kufanikisha jambo fulani, marejeo ya kuangalia ukweli wa chombo, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako yalivyo. Maandishi ya mawakala yameshika marejeo na maelekezo, yakatupa ufafanuzi kwa dhana kwamba mashine haihitaji "kwa nini". Naona ni kosa la kihakiki kabla ya kuwa kosa la kiufundi. Ni sawa na mtu anayedhani maudhui ya methali ni maneno yake tu, bila mazingira inamosemwa.

Wapo watakaosema haya yote ni bure, kwa kuwa modeli inaweza kusoma msimbo wenyewe na kujua ukweli. Kweli inaweza. Msimbo utamwambia kinachotokea. Hautamwambia kilichokusudiwa, wala kipi ni ahadi ya kudumu na kipi ni bahati ya leo itakayobadilishwa mwezi ujao. Ukimkuta fundi amefunga bomba kwa kamba, kuliangalia bomba hakukwambii kama kamba ni ubunifu au ni ya kusubiria vifaa. Lazima fundi aseme.

Kuna hatari moja inayolifanya suala hili lizidi ustadi wa sentensi. Kwa msomaji binadamu, kueleza na kuamuru ni mambo mawili. Nikisoma kwenye mwongozo "kisha futa folda yote", najua ni mfano, natazama folda yangu, naamua. Kwa modeli, maelezo ya zana, agizo la mwenye kazi na matokeo yaliyorudi vyote vinafika kama maandishi katika mfululizo mmoja, na mpaka kati yao si ukuta. Ndiyo maana watu wenye nia mbaya wamejifunza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana: juu panasomeka zana ya kujumlisha namba, chini pamefichwa agizo la kuchukua mafaili ya siri. Mwandishi wa mwongozo amekuwa, bila kuomba, mtu ambaye maneno yake hutendeka.

Itifaki ya mwaka 2024 ilikuja kuongezewa alama za kuonyesha tabia ya zana: je, inasoma tu bila kubadilisha kitu, je, inaweza kuharibu, je, kuirudia kunaleta tofauti. Nilichokipenda ni uamuzi wao kuhusu kimya. Mwandishi asiposema lolote, zana inachukuliwa kuwa inabadilisha mambo na inaweza kuharibu. Hapo kimya kimesomwa kama tahadhari, wakati miongozo ya zamani ilitufundisha kusoma kimya kama ruhusa. Na itifaki yenyewe inaonya kwamba alama hizo ni dokezo tu, zisitegemewe zinapotoka kwa mtu usiyemwamini. Hilo ni jambo mhakiki yeyote wa fasihi analijua: msimulizi anayesema "mimi ni mkweli" bado hajathibitisha kitu.

Sasa niseme linaloniuma. Kwa miongo mingi anayeanza aliyeuliza swali katika mabaraza ya watengeneza programu aliambiwa akasome mwongozo, tena kwa tusi. Mwongozo wenyewe ulikuwa Kiingereza kikavu, bila mfano, bila kipimo, bila kasoro zake. Kijana wa Mwanza au Kisumu au Bujumbura, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, aliusoma mara nne, akahitimisha kwamba yeye si wa kazi hii, akaondoka. Kuondoka kwake hakukuandikwa popote. Mtu akishindwa huenda kimya. Wakala akishindwa, kushindwa kwake kunabaki kwenye kumbukumbu za mfumo, kunahesabika, kuna gharama, na Jumatatu kuna kikao. Ghafla kampuni zimegundua faida ya mfano kamili, ya kipimo kilichotajwa, ya ujumbe wa kosa unaosema la kufanya. Ni vitu vilevile alivyoviomba yule kijana.

Sioni sababu ya kuikataa riziki kwa kuwa imekuja kwa mlango wa jirani. Ukurasa uliosafishwa kwa ajili ya mashine unamfaa pia msomaji wa Bujumbura, mradi tu anaruhusiwa kuuona. Ninachokichelea ni hatua inayofuata, ambayo tayari naiona katika kazi ninazoletewa: maelezo mazuri yanaandikwa ndani ya zana, mahali pa wakala, na ukurasa wa watu unaachwa uote magugu. Msomaji anaambiwa, "Muulize wakala." Tusi la zamani limevaa nguo mpya. Na siku wakala atakapotuma 5000 pahala pa 500000, atakayeitwa kujieleza ni mtu, na mtu huyo hatakuwa na ukurasa wa kusoma ili ajue ni nani aliyekosea.

Kwa hiyo ukurasa wa zana nauhukumu kwa maswali haya. Je, jina lake linaelezeka bila "au"? Je, kila namba ina kipimo? Je, unasema kinachotokea ombi likirudiwa, na kinachotokea likishindikana? Je, unataja kasoro zake, kama walivyofanya wale wa 1971? Je, kila katazo lina sababu? Na swali la mwisho, ambalo mashine haiwezi kuniulizia: je, ni ukurasa mmoja kwa wasomaji wote wawili, kiasi kwamba anayewajibika anaweza kusoma kilekile alichokisoma anayetenda?

Ukurasa wa checkout bado upo, na "au" yake bado ipo. Chini yake siku hizi zimetajwa switch na restore, kwa msomaji atakayefika huko.